Mwaka Tuliohesabu Intaneti ya Kashuga

Papa Faustin tulimzika Karuba siku ya Jumanne, kwenye mteremko wenye matope kiasi kwamba wanaume waliobeba jeneza walivua viatu. Watu walisema mengi juu yake na sikusikia uongo. Walisema alikuwa tabibu wa ng'ombe aliyeweza kumtoa ndama aliyekwama bila kumuumiza mama yake. Walisema alikuwa mkali kanisani na mpole nyumbani, na kwamba hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata siku zile ambazo sisi wengine tulikimbia. Hakuna hata mmoja aliyetaja mwaka ule alioacha ng'ombe akazunguka nami Masisi na Walikale, huku kwetu mashariki mwa Kongo, kuwauliza wenye maduka kama wanatumia intaneti. Nilikaa kwenye benchi na sahani ya viazi na maharagi magotini, nikingoja mtu aseme, na chakula kikapoa bila mtu kusema. Nilikasirika, nasema wazi. Basi naandika hapa, kwa sababu karibu yote ninayowafundisha wanafunzi wangu wa takwimu pale Goma niliyapata kwa mzee yule, na hakuna kitabu nilimoyakuta.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitano, diploma mpya, na mdomo mrefu kuliko diploma yenyewe. Mradi mmoja ulitaka kujua namna biashara ndogo za sehemu kama zetu zinavyotumia intaneti: nani anaagiza mali kwa njia hiyo, nani anapata wateja, nani anapata habari za bei na za barabara. Fishi zetu, yaani karatasi za maswali, zilikuwa zimeandikwa mbali, kwa Kifaransa kizuri, na swali mojawapo la mwanzo lilikuwa kama duka lina tovuti yake. Nilimuuliza hilo mama mmoja wa Kingi aliyekuwa anauza vitunguu juu ya gunia, akageuka kuangalia nyuma yake. Tulipaswa kupita kwenye biashara zile zile mara tatu kwa mwaka. Nilitegemea kupewa mwenzangu kijana mwenye kompyuta mgongoni, nikapewa mzee wa miaka sitini mwenye buti za mpira, fimbo, na mfuko wa ngozi ulionuka dawa ya kupe. Walimchagua kwa sababu alizijua njia zote za miguu kutoka Karuba hadi Walikale, na hakukuwa na kijiji ambako angeulizwa yeye ni nani. Siku ya kwanza aliniangalia kuanzia kichwani hadi chini, akasimamisha macho miguuni. "Dada Riziki," akasema, "hii viatu haitafika Mushaki." Havikufika.

Kashuga ndiko kazi yetu ilikokuwa na uzito kuliko kwingine. Kampuni moja ya simu ilikuwa imesimamisha pale mnara mdogo wa majaribio, wa mwaka mmoja, na ilikuwa imesema mbele ya wakubwa wa kijiji bila kuficha: mwisho wa mwaka, kama uchunguzi wetu utaonyesha kwamba angalau nusu ya biashara za Kashuga zinatumia intaneti katika kazi, mnara utabaki. Kama sivyo, utafunguliwa vipande vipande na kupelekwa pengine. Kila mtu sokoni alilijua sharti hilo. Ndiyo maana nilifikiri Kashuga itakuwa nyepesi kama nini, watu watatukimbilia njiani kutuambia ndiyo, na sisi tutarudi Goma kabla matope hayajakauka kwenye suruali ya Papa Faustin.

Meza ya kwanza tuliyofika ilikuwa ya Mama Sifa. Alikuwa amekikimbia kijiji chake miaka mingi kabla, akaishi kambini pale Kashuga, kisha akajenga pembeni ya kambi nyumba ya mbao iliyofunikwa turubai. Mbele ya nyumba ndipo alipouza: maharagi kwa kopo, chumvi, sabuni, na nyuma yake bido, yaani madumu, za njano za mawese zimepangwa mstari mmoja, vifuniko vyote vikiangalia upande mmoja. Mawese yalitoka Pinga, upande wa Walikale, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Wabebaji wake walikwenda na maharagi na kurudi na mafuta. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mabega, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali. Alitupa viti viwili, akafuta meza kwa upindo wa kikwembe alichojifunga, nami nikafungua fishi.

"Mama, weye unatumikisha interneti mu biashara yako?"

"Miye? Interneti? Miye niko mukimbizi, dada. Siko na kitu."

"Hata telefone?"

"Telefone ya nini? Nitaita nani?"

Hapo hapo kitu kikalia ndani ya kikwembe chake, kiunoni. Mama Sifa akakohoa. Kikalia tena, akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, huku akinitazama machoni bila kupepesa. Nikaandika hapana. Papa Faustin alikuwa amekaa na fimbo kati ya magoti, uso wake umetulia kabisa.

"Pole na kikohozi, Mama," akasema.

"Aksanti, Papa. Ni baridi ya huku."

Meza ya pili hapana, ya tatu hapana. Mwenye duka la dawa hapana, fundi wa cherehani hapana, na muuza viatu mmoja alituambia hapana huku simu yake kubwa imeegemezwa kwenye kopo la chai mbele yetu, ikicheza video. Hadi saa kumi nilikuwa na mkoba mzima wa hapana, na damu ilikuwa imenichemka. Leo, ninapowaona wanafunzi wangu wakirudi kutoka sokoni na hasira ile ile, wakisema watu ni waongo, najiona mimi mwenyewe pale Kashuga, nikipiga mlango wa chumba chetu hadi vumbi likaanguka kutoka kwenye dari.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la Kaka Innocent, kijana mpole wa Kashuga aliyekuwa na paneli nne za jua juu ya bati na kazi ya kuchaji simu za watu. Alitupangishia vyumba viwili vidogo vilivyotenganishwa na ubao, na ubao mwingine ulitutenganisha na duka lake. Mama yake alitupikia. Siku ile alileta bugali, sombe ya majani ya muhogo iliyopondwa vizuri, na kipande cha jibini ya Masisi ambayo Papa Faustin alikuwa ameibeba kutoka kwao, mviringo mzima, ndani ya mfuko ule ule wa dawa. Nilikataa jibini kwa sababu ya harufu ya mfuko. Yeye alikula taratibu, akaniacha nimwage yote: kwamba watu hawa wanataka mnara, wanaujua mpango, na bado wanatudanganya mchana kweupe.

"Umemaliza?" akauliza. "Bon. Hawa batu banaandikwa tangu miaka ngapi? Kila mwenye anakuja na karatasi anawauliza: uko na nini? Mwenye anasema niko nacho, anapitwa. Mwenye anasema sina, anapewa jetoni ya mgao, anapata unga na mafuta. Sasa weye unakuja na karatasi, unauliza: uko na nini?"

"Lakini banajua hii ni ya mnara!"

"Banajua. Na kila mumoja anawaza: jirani atasema ndiyo, miye nitasema sina, mnara itabakia na unga itabakia." Alicheka hadi akashika kifua. "Bana akili, hawa batu. Tatizo ni moja tu, bote bana ile akili."

Kisha akanieleza juu ya ng'ombe. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuandika idadi ya ng'ombe katika vilima vya Masisi, ili dawa na chanjo zitosheleze. Mwenye ng'ombe kule hatajii watu idadi ya ng'ombe zake; ni kuwaletea mkosi, na anayeuliza anaonekana hana adabu. Mwaka wa kwanza Papa Faustin aliuliza, akapewa majibu ya kuchekesha. Mwaka wa pili aliacha kuuliza. Alikaa karibu na mahali ng'ombe wanapolambishwa chumvi, akahesabu chumvi. Alijua ng'ombe mmoja anamaliza kiasi gani, basi alipojua kila mtu amenunua magunia mangapi, alijua zizi lake. "Nilihesabu chumvi," akasema, akijilamba vidole. "Sasa unipatie wiki moja, tuone chumvi ya hii interneti iko wapi."

Chumvi ilikuwa upande wa pili wa ubao. Asubuhi iliyofuata alihamishia kiti chake kwenye duka la Kaka Innocent, na kwa ruhusa yake akakaa pale siku nzima na bakuli la karanga na daftari la shule. Ukutani kulikuwa na rafu, na kwenye rafu simu, kila moja imebandikwa kipande cha plasta ya hospitali chenye jina la mwenyewe. Mimi niliona simu tu. Yeye aliona kwamba simu ndogo yenye tochi inakuja kuchajiwa mara moja kwa siku nne, lakini simu ya kioo inakuja kila siku, na ile ambayo mwenyewe anaitumia toka asubuhi kutuma sauti na picha za mali inakuja mara mbili, asubuhi na mchana, na mwenyewe anasimama mlangoni akimsumbua Innocent. Baada ya wiki moja alikuwa na kurasa sita. Fundi wa cherehani alikuwa anapokea picha za mitindo kutoka Goma na kuzionyesha kwa wateja. Muuza viatu alikuwa anaagiza kutoka Sake. Mama Sifa alileta simu yake mara mbili kila siku bila kukosa. Zaidi ya nusu ya soko lilikuwa linatumia intaneti, na si kidogo. Nimesoma baadaye mbinu nyingi za kupima mambo ambayo watu hawasemi, zenye majina marefu, na hadi leo sijaona iliyonipendeza kama ya mzee yule na karanga zake.

Kupitia ubao tulisikia pia. Watu wa Kashuga walipokuja kuchukua simu zao walisimama pale pale na kufungua ujumbe wa sauti kwa nguvu, kana kwamba ni redio, na soko zima likajua mambo ya watu. Nilizoea sauti moja ya mwanamke, nzito kidogo, iliyokuja karibu kila asubuhi: "Mama Sifa, miye Mwamini wa Pinga. Bido kumi na mbili iko tayari. Lakini bangoje kwanza, basikuje, njia ya Kalembe iko mubaya leo. Nitakuambia." Na siku nyingine, kwa ile "njo" yetu yenye maana ya ndio: "Sasa njo wakati. Bakuje." Niliposema tuandike yale, kwamba ndio ushahidi wenyewe, Papa Faustin alitikisa kichwa. Tuliyoyasikia kupitia ubao hayakuwa yetu, alisema, na akaniomba nisiyaandike hata kwenye daftari langu mwenyewe.

Katikati ya mwaka kazi ilitupeleka Pinga, na nilimwomba tumtafute mwenye sauti ile. Tulimkuta Mama Mwamini chini ya paa la majani, kwenye kinu chake cha kukamulia mawese, mikono ya rangi ya chungwa hadi kwenye viwiko. Alikuwa mrefu, mkavu, mzaliwa wa msitu ule. Alitulisha bugali ya muhogo na samaki wa mto waliokaushwa juu ya moshi, akaketi kututazama tunavyokula, akasema dada huyu anakula kama ndege. Nilimuuliza ilikuwaje kabla ya mnara wa Kashuga. Pinga walikuwa wanapata mtandao kwenye kilima tangu zamani kidogo, alisema, lakini yeye hakuwa na wa kumwambia, kwa sababu Kashuga ilikuwa kimya. Wabebaji wa Mama Sifa walikuja bila kujua. Mara nyingine walikuta mafuta hayapo, wakarudi mikono mitupu. Mara nyingine walikuta watu wenye bunduki njiani.

"Dada mudogo wa Mama Sifa njo alikuwa anatangulia bale babebaji," akasema. "Alikuja siku mubaya. Kama ningekuwa na namna ya kumwambia usikuje, ningemwambia. Nilikuwa najua tangu asubuhi. Nilikuwa hapa, najua, na siko na namna."

Samaki walinishinda baada ya hapo. Papa Faustin alivua kofia, akaishika mkononi muda mrefu. Tulikaa pale, Mama Mwamini akitusikilizisha ujumbe wa Mama Sifa kwenye simu yake: maagizo ya mafuta, salamu, malalamiko juu ya bei ya maharagi, na mwisho wa kila ujumbe swali lile lile, njia ikoje leo. Nilikuwa nimekuja kupima kama biashara zinatumia intaneti kupata wateja wapya. Kwenye fishi yangu hakukuwa na mahali pa kuandika kwamba tangu mnara usimame hakuna mbebaji wa Mama Sifa aliyetoka nyumbani bila kuambiwa njoo.

Tuliporudi Kashuga duru ya mwisho ilikuwa imekaribia, na mimi nilikuwa nimeshaamua. Alasiri moja mvua ilinyesha kiasi cha kuzamisha mazungumzo yote, na Papa Faustin alikuwa ametoka. Nilichukua fishi mpya, nikawasha taa, nikaanza kuzijaza mwenyewe. Fundi wa cherehani: ndiyo. Duka la dawa: ndiyo. Mama Sifa: ndiyo, kila siku, kwa maagizo na habari za njia. Moyo wangu ulikuwa safi kabisa. Nilikuwa naandika ukweli, tena ukweli wa daftari lake mwenyewe. Alipoingia, maji yakimtiririka kutoka kwenye ukingo wa kofia, alichukua ya juu, akaisoma, akachukua ya pili.

"Ulifika kwake lini?"

"Sikufika. Lakini ni kweli, Papa. Weye mwenyewe unajua ni kweli."

"Ni kweli." Akaketi juu ya kitanda, kikalia. "Lakini hii fishi haisemi ni kweli. Inasema Mama Sifa njo alisema. Hakusema."

"Basi mnara iende? Na ile njia?"

"Unamuwekea maneno mu kinywa, Riziki. Na jina yake iko pale juu. Kesho kama banamukatia unga juu ya neno yenye hakusema, utamujibu nini?"

Nilimchukia kwa muda kidogo, kama mtu anavyoweza kumchukia mtu anayemheshimu. Alisogeza jiko la mbabula la mama yake Innocent, lililokuwa bado na makaa ya chakula cha mchana, akaweka fishi zangu motoni moja moja hadi zikaisha. Hakupaza sauti, na hakumwambia mtu yeyote, hata shefu wetu wa Goma. Mimi ndiye ninayesema leo, na aibu ile bado ninayo.

Kesho yake tulikwenda kwa Mama Sifa, yeye na mimi, bila karatasi. Papa Faustin alimwambia kila kitu. Kwamba alikaa kwa Innocent akahesabu simu. Kwamba tulikuwa tumefika kwa Mama Mwamini. Kwamba wiki ile ilikuwa ya mwisho, na fishi zingeondoka Jumamosi kwa pikipiki, na kama zingesema hapana, mnara ungefunguliwa. Mama Sifa alisikiliza akipanga sabuni ambazo zilikuwa tayari zimepangwa. Hakukohoa safari hii.

"Papa, nikuulize," akasema mwishoni. "Nikisema ndiyo, niko commerçante, mwenye biashara, niko na telefone, niko na batu Pinga, nitabakia ku liste ya unga? Niko na batoto sita ndani hapa. Wangu bane, babili ba marehemu dada yangu."

Mimi nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno tayari: kwamba fishi zetu hazihusiani na listi ile, kwamba asiogope, kwamba hakuna atakayejua. Papa Faustin aliweka mkono juu ya kiwiko changu.

"Sijui," akasema. "Fishi yetu inaenda Goma, haiende kwao. Lakini soko iko na masikio. Inaweza kuwa utabakia. Inaweza kuwa batakutoa. Sijui, Mama."

Nilitaka kumkanyaga mguu. Mama Sifa akasema amesikia, na kwamba twende sasa, ana kazi. Njiani nilitembea mbele ya mzee yule, kwa haraka. Niliona ameuua mnara kwa neno moja, wakati dakika moja ya faraja ingetosha, angalau hadi Jumamosi.

Ijumaa ilikuwa siku ya soko. Tulikaa kwenye meza tuliyoazimwa, katikati, karibu na wauza kabichi, na watu walitupita kama tunauza kitu kilichooza. Karibu na saa sita nikamwona Mama Sifa akija kutoka juu, kikwembe kipya kifuani, simu mkononi, mkononi kabisa, ikionekana na kila mtu. Alisimama mbele yetu. Sauti yake, niliyosema ya kuita watu kutoka mbali, aliitumia yote.

"Andika. Miye natumikisha interneti. Kila siku. Naagiza mafuta Pinga, natuma maharagi Pinga, nauliza njia. Bila ile mnara kule juu nitaanza tena kutuma batu bila kujua, na miye sitatuma tena muntu bila kujua. Hii yote iandike." Kisha akawageukia waliokuwa wamesimama: "Na nyie, mwenye anafikiri jirani njo atasema, jirani amesema. Basi."

Nikaanza kujaza. Nilifika mahali pa jina la biashara, na nikauliza bila kufikiri, maana kwa mama wa mezani mahali pale huwa tunapiga mstari tu. Aliinama akaangalia ile nafasi tupu kwenye karatasi. Alikuwa ameandikwa mara nyingi maishani mwake, kichwa cha familia ya watu saba, kambi fulani, turubai fulani, na nadhani hakuna karatasi iliyowahi kumuuliza hilo. "Andika Maison Sifa," akasema polepole, kama maduka makubwa ya Goma yanavyojiita. "Hapana. Andika Maison Sifa na Dada." Papa Faustin alichukua kalamu kutoka mkononi mwangu akaliandika jina hilo yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa. Nyuma ya Mama Sifa alikuwa amesimama fundi wa cherehani, na nyuma ya fundi muuza viatu, na kufikia saa tisa tuliazima kiti cha tatu. Jumamosi pikipiki iliondoka na zaidi ya nusu ya soko, kila mmoja kwa kinywa chake.

Mnara ulibaki. Tulipata habari hizo wakati tunamalizia kazi ya vijiji vilivyosalia, na watu wa Kashuga walitupigia vigelegele tulipopita. Lakini wiki mbili baadaye kulikuwa na ugawaji wa chakula kambini, na jina la Mama Sifa halikuitwa. Kaka Innocent ndiye aliyetuambia tulipopita tena kwake. Mama Sifa alisimama kwenye mstari tangu asubuhi na jetoni yake mkononi, na walipofunga orodha akauliza, akajibiwa na mtu wa kamati ya kambi mbele ya wote kwamba yeye ni commerçante, alisema mwenyewe sokoni.

Nilikimbia hadi kwake. Papa Faustin alikuja nyuma, kwa mwendo wake. Mama Sifa alikuwa anamimina mawese kutoka bido kubwa kwenda chupa ndogo, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilianza kuomba msamaha, nikalia katikati, maneno yakavurugika. Nilisema tutaandika barua, nitakwenda Goma, nitaongea na wakubwa. Alinisikiliza kwa uvumilivu, akaniambia nishike chupa vizuri, mafuta yatamwagika. Kisha mzee akafika. Alivua kofia, akasimama mbele ya meza kama mtu aliyeitwa na hakimu.

"Mama," akasema, "siku ile uliniuliza. Nikakuambia sijui."

"Njo ile," Mama Sifa akajibu, bila kuacha kumimina. "Bote banaokuja hapa banatuambiaka hakuna shida. Hakuna shida, Mama, andika jina. Weye peke yako ulisema sijui. Kama ungesema hakuna shida, Papa, miye singekuja ile Ijumaa."